Farasi Mweupe Huzaliwa Mweusi

Miaka michache iliyopita nilipewa kazi ya kutafsiri mwongozo mfupi wa usalama baharini uliokuwa umeandikwa kwa Kiingereza. Ndani yake palikuwa na jedwali la Beaufort, lile linalopima nguvu ya upepo kwa kutazama uso wa maji. Kwenye ngazi ya tatu nikakuta pameandikwa kwamba baharini wanaonekana "farasi weupe" hapa na pale. Ngazi ya nne, wanaonekana mara kwa mara. Ngazi ya tano, wamejaa. Nilijua si wanyama, lakini nikaona nisiivunje picha ya mwandishi, nikaandika vilevile. Kabla ya kukabidhi kazi nikampelekea nakala mzee mmoja wa Bagamoyo, nahodha wa mashua tangu ujana wake.

Akasoma kwa kituo, kidole kikifuata mstari. Alipofika pale akainua uso.

"Mwanangu, hawa farasi wamepakiwa chomboni?"

Nikamweleza kwamba Waingereza wakiona mawimbi yanapasuka vichwani na kutoa povu, huyaita farasi weupe, kwa kuwa povu likipeperushwa na upepo linafanana na singa za shingoni mwa farasi anayekimbia. Akaitikia kwa kichwa, akatazama nje kidogo, kisha akasema, "Sisi tukiona hivyo tunasema bahari imechafuka. Andika hivyo, mtu akisoma ajue kama atoe ngalawa au aiache." Nikafuta farasi wote, nikaandika kwamba bahari inaanza kuchafuka, kwamba imechafuka, kwamba imechafuka sana. Ngazi ya nne ni upepo wa kilomita 20 hadi 28 kwa saa. Mwenye ngalawa ndogo hana nafasi ya kufumbua fumbo wakati huo.

Tangu siku hiyo nikawa nalifuatilia neno hili kila ninapokutana nalo, na nimelikuta mahali pengi kuliko nilivyotarajia: katika maandiko ya dini, katika falsafa ya Kichina, kwenye kesi za utapeli, kwenye ramani ya Kanada. Nilichokiona ni hiki: mara nyingi anayetaja farasi mweupe hamzungumzii farasi, na hata anapomzungumzia farasi wa kweli, farasi huyo kwa kawaida si mweupe.

Nianze na hili la pili, maana ndilo linalowashangaza watu zaidi.

Mjini Vienna, Austria, kuna Shule ya Kihispania ya Upandaji Farasi, na farasi wake wa aina ya Lipizzaner wanajulikana dunia nzima kwa weupe wao. Asili yao ni zizi lililoanzishwa mwaka 1580 huko Lipica, ambako leo ni Slovenia. Ukienda kwenye mazizi wanakozalishwa wakati wa kuzaa, utamkuta jike mweupe pee amesimama, na ubavuni pake ananyonya mtoto mweusi, au wa hudhurungi iliyokolea. Mgeni anaweza kudhani amechanganywa na mtoto wa jike mwingine. Ndiye wake. Akikua, nywele nyeupe zinaanza kuchomoza moja moja katikati ya zile nyeusi, anakuwa wa kijivu, kisha kijivu chenye mabaka, na inaweza kumchukua miaka sita hadi kumi kufikia ule weupe wa kwenye picha. Wachache hubaki wa hudhurungi maisha yao yote, na desturi ya shule hiyo ni kuwa na mmoja wa namna hiyo zizini, kwa kuamini kwamba analeta bahati.

Ndiyo maana wafugaji wa Ulaya na Marekani humwita farasi wa namna hii "wa kijivu" hata anapokuwa mweupe kama pamba. Wanachotazama ni ngozi, si nywele. Msogelee farasi umtazame puani, mdomoni na kuzunguka macho. Ngozi ikiwa nyeusi, huyo ni wa kijivu aliyepata mvi. Ikiwa ya waridi, hapo ndipo unaweza kuanza kusema mweupe. Weupe hao wa kuzaliwa ni wachache sana. Baadhi yao wana hitilafu katika jeni iitwayo KIT, na mara nyingi macho yao ni meusi au ya kahawia kama ya farasi wengine. Wapo pia wenye rangi ya maziwa na macho ya buluu, ambao wamerithi jeni ya kufifisha rangi kwa baba na kwa mama. Farasi mwenye ualbino kamili, kama tunavyoufahamu kwa binadamu, hajawahi kuthibitishwa.

Mwaka 2008 watafiti wa Uppsala, Uswidi, walieleza chanzo cha ile mvi: kipande cha jeni ya STX17 kimejirudia. Farasi wote wa kijivu waliopimwa walikuwa na kasoro ileile, kwa hiyo inaonekana wote wanatokana na babu mmoja wa zamani sana, na binadamu wakawa wanawachagua wazao wake kizazi baada ya kizazi kwa sababu waliipenda rangi yao. Uzuri huo una gharama yake. Hitilafu hiyohiyo inawaletea farasi hawa uvimbe wa saratani ya ngozi, hasa chini ya mkia, na wengi wa wale wanaopita miaka 15 huwa nao. Kuna jambo chungu zaidi upande mwingine: katika baadhi ya koo za farasi wenye mabaka, mtoto akirithi jeni fulani kwa wazazi wote wawili huzaliwa mweupe kabisa, mzuri wa kutazama, lakini utumbo wake hauna mishipa ya fahamu ya kusukuma chakula. Hafikishi juma. Mfugaji anayeelewa hufanya vipimo vya wazazi kwanza, ili mtoto wa namna hiyo asizaliwe kabisa.

Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuna maneno ya kutenganisha haya yote, na sababu inaeleweka. Neno farasi tulilipokea kutoka Kiarabu, na mnyama mwenyewe hakuenea kwetu: mbung'o walimuua kwa nagana, na visubi wakamwambukiza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huua upesi. Waarabu wana neno ashhab kwa farasi huyu wa kijivu kinachoelekea weupe. Tuliazima jina la mnyama, hatukuazima majina ya rangi zake. Mmasai akikuelezea rangi za ng'ombe wake utaona lugha inavyotajirika pale ambapo watu wanaishi na mnyama. Kwetu farasi mwenye mvi na farasi aliyezaliwa mweupe wote ni farasi mweupe, na hapo si kosa la mtu. (Kosa ni kuandika "farasi nyeupe". Ni mnyama, anafuata upatanisho wa viumbe hai.)

Wajerumani wao wana neno moja kwa farasi huyu, Schimmel. Weupe umo ndani ya neno lenyewe, kiasi kwamba shuleni, mwalimu akitaka kuonyesha kosa la kurudia maana bila sababu, mfano wake wa kwanza ni "Schimmel mweupe", kama sisi tunavyokosoa "rudi tena nyuma". Ajabu ni kwamba neno hilohilo ni pia ukungu, ule unaoota kwenye mkate uliolala.

Wachina walifanya kinyume: waliyatenganisha maneno mawili na kuyagombanisha. Mnamo mwaka 300 kabla ya Kristo alikuwapo mwanafalsafa Gongsun Long, na hoja iliyompa jina ni sentensi hii: farasi mweupe si farasi. Ukiisikia mara ya kwanza unaona ni mchezo wa maneno. Lakini msikilize. "Farasi" ni jina la umbo, "mweupe" ni jina la rangi, na kinachotaja rangi si kinachotaja umbo. Mtu akikutuma farasi, ukimletea mweusi au wa manjano ameridhika. Akikutuma farasi mweupe, ukimletea mweusi umekosea. Kama vitu viwili vingekuwa kimoja, kinachomridhisha huku kingemridhisha na kule.

Fumbo hili Kiswahili kinaweza kulifungua vizuri, kwa kuwa neno letu "si" lina kazi mbili. Nikisema "Juma si mwalimu", namtoa Juma katika kundi la walimu. Nikisema "Juma si Ali", sijamtoa katika kundi lolote, nimekana tu kwamba hawa wawili ni mtu mmoja. Gongsun Long ana haki kwa "si" ya pili: dhana ya farasi mweupe na dhana ya farasi si dhana moja. Msikilizaji anaipokea kwa "si" ya kwanza, anadhani farasi mweupe anafukuzwa katika kundi la farasi, na ugomvi unaanzia hapo. Katika maandishi ya Han Feizi, mwanafalsafa mwingine wa China ya kale, kuna habari ya mjadili mmoja wa nchi ya Song aliyeshinda wasomi wote kwa hoja hii, kisha akafika kwenye lango la forodha akiwa amepanda farasi mweupe. Alilipa ushuru wa farasi.

China inamjua farasi huyu kwa njia nyingine pia. Hekalu la Farasi Mweupe huko Luoyang linahesabiwa kuwa hekalu la kwanza la Kibuddha nchini humo. Mapokeo yanasema lilijengwa mwaka 68 baada ya Kristo, na jina lilitokana na farasi waliobeba maandiko matakatifu kutoka magharibi. Huyo alibeba vitabu kweli. Lakini msichana wa Kichina au wa Kikorea anaposema anamsubiri mwanamfalme wa farasi mweupe, hamngojei mnyama yeyote, anamaanisha mchumba aliyekamilika kila upande. Mfasiri wa riwaya za mapenzi ajihadhari hapo.

Na ajihadhari zaidi akifika Prague. Katika Kicheki na Kislovakia, gazeti likiandika kwamba polisi wanamtafuta "farasi mweupe" wa kampuni fulani, linazungumzia mtu aliyeazimisha jina lake. Mara nyingi ni maskini, mlevi, au mtu aliyelemewa na madeni. Anafuatwa, anapewa fedha kidogo, anapelekwa kusaini karatasi, na kuanzia siku hiyo yeye ndiye mkurugenzi wa kampuni ambayo hajui hata mlango wake uko wapi. Waliomfuata wanakopa mali kwa jina la kampuni, wanakwepa kodi, wanatoweka. Wadai wakija wanamkuta yeye, amekaa na jina lake tupu. Kwetu tuna kampuni za mfukoni na tuna watu waliosajiliwa laini za simu kwa vitambulisho vyao bila kujua zinatumikaje, kwa hiyo jambo lenyewe si geni. Hatuna tu neno moja la kumwita mtu huyo. Mimi huandika "mwenye jina la kukodi", na nitafurahi nikipata bora zaidi. Kihispania nacho kina farasi wake mweupe katika biashara, lakini ni mtu tofauti: ni yule anayetoa mtaji kwenye shughuli isiyoeleweka, aghalabu maonyesho ya jukwaani, na uwezekano mkubwa ni kwamba fedha hazitarudi. Wa Prague anatoa jina, wa Madrid anatoa fedha.

Kwa Kiingereza cha mitaani "farasi" limekuwa jina la heroini, na "farasi mweupe" hutajwa kwa dawa za unga kwa jumla. Linatumika kuficha, basi mfasiri aseme wazi: unga.

Kwa wasomaji wengi wa Kiswahili, hata hivyo, farasi mweupe wa kwanza kuwajia akilini ni wa Ufunuo wa Yohana, na hapo pana mkanganyiko unaostahili kutulizwa. Kitabu kina farasi weupe wawili tofauti. Wa kwanza yuko sura ya 6, lile kundi la farasi wanne: mweupe, mwekundu, mweusi, na wa nne ambaye Kigiriki kinamwita chloros, rangi ya kijani iliyopauka kama ya mgonjwa mahututi, na Biblia zetu zikasema kijivujivu. Mpanda farasi mweupe ana uta, anapewa taji, anatoka kwenda kushinda. Wa pili yuko sura ya 19. Mpandaji wake anaitwa Mwaminifu na wa Kweli, hana uta, ana upanga utokao kinywani.

Je, ni mtu mmoja? Askofu Irenaeus wa Lyon, katika karne ya pili, alimwona Kristo hata katika yule wa kwanza, na wahubiri wengi wanamfuata. Wengine wanajibu kwamba wenzake watatu wanaleta vita, njaa na mauti, kwa hiyo na yeye ni wa msafara huohuo, yaani tamaa ya kuteka nchi za watu. Mimi naiona hoja hii ya pili ina nguvu zaidi, na kinachonivuta ni jambo dogo ambalo waliotafsiri Biblia ya Kiswahili ya Union waliliona. Kigiriki kinatumia maneno mawili tofauti kwa kilichoko vichwani mwa wapandaji hawa: wa kwanza ana shada la mshindi wa mashindano, wa pili ana alama za ufalme. Wafasiri wetu wakaandika taji kwa wa kwanza, na vilemba vingi kwa wa pili. Kilemba, kwa watu wa pwani wa zama zile, kilikuwa cha mwenye mamlaka. Msomaji wa Kiswahili akisoma kwa makini anaona tofauti ambayo wasomaji wa baadhi ya lugha kubwa hawaioni, kwa kuwa huko wote wawili wana "taji" tu.

Waislamu nao wana mnyama mweupe wa safari kuu, Buraki wa usiku wa Miraji. Picha zinazouzwa zimewazoesha watu kumwona kama farasi mwenye mabawa. Hadithi iliyopokewa katika Sahihi Muslim haisemi farasi. Inasema ni mnyama mweupe, mrefu, mkubwa kuliko punda na mdogo kuliko baghala (mnyama aliyezaliwa na punda na farasi), anayetua kwato yake pale jicho lake linapofika. Basi weupe upo, ufarasi haupo. Kwa Wahindu, Kalki, umbo la mwisho la Vishnu, atakuja na farasi mweupe mwisho wa zama hizi za uovu. Na Ethiopia, wachoraji wanapochora vita vya Adwa vya Machi 1896, humweka Mtakatifu George angani juu ya majeshi akiwa juu ya farasi mweupe, upande wa Mfalme Menelik aliyepigana na Waitaliano. Kila ninapoiona picha hiyo huiangalia kwa muda mrefu. Yule mtakatifu wa Waingereza na wa nchi nyingi za Ulaya, hapa anawapigania Waafrika dhidi ya jeshi la Ulaya.

Heshima hii ya weupe ni ya kale sana. Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, anasimulia kwamba mfalme Koreshi wa Uajemi, akiwa safarini kwenda Babeli, alifika mto Gyndes, na mmoja wa farasi wake weupe watakatifu akaingia majini akachukuliwa na mkondo. Koreshi akaukasirikia mto. Aliapa kuudhoofisha mpaka wanawake wauvuke bila kulowa magoti, akasimamisha safari ya vita, na jeshi lake likatumia kiangazi kizima kuchimba mifereji 360 ya kuyagawa maji. Kwa ajili ya farasi mmoja.

Viongozi wa baadaye waliitumia heshima hiyo kwa hesabu. Juni 24, 1945, Marshali Zhukov, kamanda wa jeshi la Kisovieti, aliingia Uwanja Mwekundu wa Moscow kukagua gwaride la ushindi akiwa juu ya farasi mweupe, na kwa Kirusi kusema mtu amerudi "juu ya farasi mweupe" ni kusema amerudi mshindi. Oktoba 2019 Kim Jong Un alipigwa picha kwenye theluji ya Mlima Paektu akiwa juu ya farasi mweupe, na walimwengu wakaanza kuuliza anataka kutangaza nini. Kuhusu Napoleon ni vyema ukweli ujulikane: michoro maarufu inamwonyesha akivuka milima ya Alps mwaka 1800 juu ya farasi aliyeinuka kwa miguu ya nyuma, na katika nakala kadhaa farasi huyo ni mweupe. Alivuka juu ya baghala, mnyama anayefaa njia ile. Palikuwa na matumizi ya kawaida pia. Katika vikosi vya wapanda farasi vya Ulaya wapiga tarumbeta walipewa farasi weupe ili kamanda awaone haraka katikati ya moshi wa baruti.

Kwenye ramani, mji wa Whitehorse, makao makuu ya eneo la Yukon huko Kanada tangu 1953, haukupewa jina kwa farasi hata mmoja. Mto Yukon ulikuwa na maporomoko yaliyotoa povu, na watu wakaona singa zilezile ambazo mabaharia wanaziona baharini. Waliokuwa wakikimbilia dhahabu mwaka 1898 walipoteza mashua zao pale. Mwaka 1958 likajengwa bwawa la umeme, maporomoko yakazama chini ya ziwa. Povu limekwisha, jina limebaki.

Uingereza yuko mwingine ambaye si mnyama wala povu. Kwenye kilima cha Uffington, Oxfordshire, amechorwa ardhini farasi wa urefu wa mita 110 hivi: mistari michache tu, mgongo mmoja mrefu, miguu miwili imeachana na mwili, jicho, na mdomo kama wa ndege. Kuna wanaosema si farasi, ni mbwa, lakini tangu karne ya 11 maandishi ya watawa yanakiita kilima hicho cha Farasi Mweupe. Katika miaka ya 1990 wanasayansi walipima udongo wa chini yake kujua uliona mwanga wa jua mara ya mwisho lini, wakapata kwamba ulichimbwa kati ya mwaka 1380 na 550 kabla ya Kristo. Si kwamba waliondoa nyasi tu. Walichimba mitaro, wakaijaza chokaa nyeupe iliyopondwa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alifunikwa ili marubani wa Ujerumani wasimtumie kama alama ya njia.

Farasi huyu hawezi kukaa mweupe peke yake. Mvua inaisogeza chokaa, nyasi zinatambaa kutoka pembeni, na akiachwa miaka kadhaa anaanza kupotea. Kwa hiyo kila baada ya muda watu wa vijiji vya jirani na wageni wa kujitolea hupanda kilimani wakiwa na nyundo na ndoo za chokaa. Wanang'oa majani, wanamwaga chokaa mpya, kisha wanapiga magoti kwenye mistari na kuiponda mpaka ishikamane. Aliyepiga magoti pale haoni farasi. Anaona mkanda wa ardhi mbele ya goti lake, mweupe na wenye unyevu, anapiga nyundo, anasogea kidogo mbele.